Shangazi, baba anasema kuomba ufadhili huu ni kumwanika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kemia. Nimekuandikia kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi na sina wa kumwuliza. Kwetu aliyewahi kufika chuo kikuu kabla yangu ni kaka yangu peke yake, naye alisomea ualimu wa lugha, mambo ya maabara hayajui.

Idara yetu imebandika tangazo la ufadhili wa masomo. Fedha inatoka katika mfuko wa wakfu ulioanzishwa na mtu aliyesoma hapa zamani. Masharti ni matatu: uwe unasoma kemia, uwe wa kizazi cha kwanza katika familia yenu kufika chuo kikuu, na uwe na uhitaji. Fomu ina sehemu ya kujaza elimu ya baba na ya mama. Halafu kuna insha ya maneno mia tano, “Eleza safari yako mpaka kufika hapa,” na barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu mmoja. Zimebaki wiki tano.

Baba ni fundi wa betri za magari. Shule aliiacha akiwa mdogo. Ni yeye aliyenifundisha, kabla sijajua hata neno kemia, kwamba asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye asidi. Nilipompigia simu kumweleza habari ya ufadhili alinyamaza, kisha akasema: “Sisi hatujawahi kumwomba mtu. Na sitaki niandikwe kwenye makaratasi ya watu kwamba mimi sikusoma.” Mama anasema nimwache kwanza atulie. Shangazi, baba huyu ndiye aliyehangaika nami mpaka nikafika hapa. Sitaki kumdhalilisha.

Lakini na mimi nimechoka. Karibu kila jioni nafanya kazi, na vipindi vyetu vya maabara vinaanza mchana na kuishia jioni, kwa hiyo mara nyingi naondoka wenzangu bado wanapima. Muhula uliopita kwenye titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kudondoshea kimiminika kingine tone kwa tone, niliandika kipimo kimoja nikakimbia, na msimamizi akaniandikia kwa wino mwekundu: “Kimoja hakitoshi.” Kemia ogania nikapata C. Sasa nani atanipa ufadhili na C?

Nina maswali mengine. Kaka akiwa amehitimu, je, mimi bado ni wa kwanza? Na mama aliwahi kuanza chuo akaacha baada ya mwaka mmoja, nifanye kama sijui? Mwalimu wa somo anafundisha ukumbi mzima, hanijui hata kwa sura, nitampata wapi wa kuniandikia barua? Ninayekaa naye chumba kimoja ana shida kuliko mimi, naona kama nitakuwa nimemwibia. Na rafiki yangu mwingine ananitisha kwamba mfuko wa marehemu huwa unaisha, nitaachwa njiani. Je, baadaye nitadaiwa?

Nisaidie, Shangazi.

Wa Kwanza, Mwaka wa Pili

*

Marahaba mwanangu,

Omba. Nimetanguliza jibu kwa sababu wiki tano si nyingi, na ningependa uisome barua hii ukiwa na fomu mkononi. Yaliyobaki ni namna ya kuomba.

Nianze na baba, maana usingizi wako umechukuliwa na yeye kuliko hiyo C. Soma tena maneno yake kama ulivyoyaandika. Amesema mambo mawili. Kwanza, anaona unakwenda kuombaomba. Pili, anaogopa kuandikwa kama mtu aliyepungukiwa. Kila moja lina jibu lake, na ukiyajibu kwa pamoja ataona unambishia tu.

La kwanza linajibiwa kwa kumweleza mfuko wa wakfu ni kitu gani. Mtoaji alishatoa. Mtaji wake umewekezwa, hauguswi. Kinachotolewa kila mwaka ni sehemu ndogo, kwa kawaida kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya mfuko. Mfuko wenye 100,000, iwe fedha ya nchi yoyote, utatoa 4,000 au 5,000 kwa mwaka, na faida ikizidi hapo inarudishwa ndani ili kupanda kwa bei kusiule mfuko. Ng'ombe hachinjwi, anakamuliwa. Tena masharti yaliyoandikwa siku ya kuuanzisha yanawafunga mikono wanaousimamia: fedha iliyowekewa mwanafunzi wa kemia wa kizazi cha kwanza hawawezi kumpa mwanafunzi wa sheria, wala kuezekea ukumbi. Nimekaa kwenye kamati za namna hii miaka mingi, na nimeshuhudia mwaka unapita bila mwombaji hata mmoja aliyetimiza masharti. Fedha ilibaki ilipo. Waliokaa kimya kwa kuona haya hawakumwokolea mtu chochote, na wao walikosa. Iliniuma, kwa sababu nilijua madarasani wamo.

Kwa hiyo ukiongea na baba, mwambie hivi: hakuna mtu unayekwenda kumpigia hodi. Mtu alishatoa, akaandika anayestahili awe nani, na chuo kimebandika tangazo kumtafuta. Hivi ndivyo jambo lilivyo.

Hapohapo nimjibu rafiki yako anayekutisha. Mfuko wa wakfu uliowekwa vizuri haukomi mtoaji anapofariki. Umewekwa hivyo makusudi. Tazama wa Alfred Nobel, ambaye naye alikuwa mkemia. Wosia wake wa mwaka 1895 uliagiza mali yake iwekezwe na faida ya kila mwaka igawanywe kama tuzo. Tuzo za kwanza zilitolewa 1901 na mpaka leo zinatolewa. Kinachobadilika ni kiasi. Mwaka 2012 kila tuzo ilipunguzwa kutoka krona za Sweden milioni 10 hadi milioni 8, kusudi mtaji usianze kuliwa. Baadaye ikapandishwa kidogo kidogo, na mwaka 2023 ikawa milioni 11. Mifuko midogo ya vyuo nayo huenda hivyohivyo. Soko la mitaji likiyumba, mgawo unaweza kupungua, au mfuko ambao thamani yake imeshuka chini ya ile fedha ya mwanzo ukapumzishwa mwaka mmoja. Basi usiulize kama utaisha. Uliza kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au unaendelea mpaka unahitimu, ukiendelea unatakiwa uwe na wastani gani, na kama kiasi kinaweza kubadilika katikati. Uliza kwa maandishi, jibu ulitunze. Na ujue kwamba ukihamia fani nyingine, hata iliyo jirani kama famasia, huenda ufadhili ukabaki kwenye kemia nawe ukaenda bila huo.

Kudaiwa, hudaiwi. Ufadhili si mkopo. Marie Curie, yule mwanasayansi mashuhuri, alipokuwa mwanafunzi Paris na fedha imemwishia, alipata mwaka 1893 ufadhili wa rubli 600 kutoka kwao Poland, akaweza kurudi na kumaliza shahada yake ya hisabati mwaka uliofuata. Alipoanza kupata kipato chake mwenyewe alizirudisha zote, na waliozipokea walishangaa kwa sababu hakuna aliyezitarajia. Ni moyo wake ulioamua, hakuna karatasi iliyomlazimisha. Wewe utakachotakiwa kufanya ni kuandika barua ya shukrani, na pengine kuhudhuria hafla ambapo wafadhili au jamaa zao hukutana na wanafunzi. Barua hiyo iandike kwa mkono wako na umweleze aliyetoa ni kitu gani hasa umekipata: muhula uliofanya majaribio yote mpaka mwisho, kitabu ulichonunua. Watu wa wakfu huzitunza barua hizo.

Sasa la pili la baba, ambalo mimi naliona ndilo zito. Ameogopa kuandikwa. Wala hajakosea kuogopa.

Elimu ya wazazi inaulizwa kwenye fomu, sehemu yake ipo. Ukishaijaza kwa ukweli, jambo hilo limekwisha, kamati imelijua. Insha hukupewa ili ulithibitishe tena kwa machozi. Wanafunzi wengi hawalijui hili, na insha nyingi nilizosoma zilijaa njaa, giza na viatu vilivyochanika mpaka mwanafunzi mwenyewe hakuonekana tena. Nikimaliza kusoma nilikuwa naijua shida ya nyumbani kwao, lakini sijui huyu kijana akishika pipeti anafanya nini, wala ni kitu gani katika kemia kilichomfanya asilale. Najua kwa nini wanaandika hivyo. Wameambiwa kwamba mwenye shida kubwa ndiye hupewa, basi wanawatoa wazazi wao mbele ya wageni. Baba yako amelinusa hilo kutoka mbali, na kwa hilo namheshimu.

Kuna njia nyingine, na ni ya zamani. Michael Faraday alikuwa mtoto wa fundi chuma. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu kujifunza kazi, na vitabu alivyovijalidi alivisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa London wakati huo. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayachora na majaribio yenyewe, akayajalidi kuwa kitabu kwa ufundi wake uleule, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata, 1813, aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Mwaka 1825 akagundua benzini, hiyohiyo iliyokusumbua kwenye kemia ogania, na miaka ya 1830 akaweka kanuni za elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme, unazozisoma sasa. Alichompelekea Davy kilikuwa kazi. Umaskini wake Davy angeweza kuuona mwenyewe.

Nawe peleka kazi. Na kazi ya kuanzia ipo kwenye barua yako, umeitaja kwa sentensi moja ukapita: asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi. Eleza ulijifunzaje kwa baba, halafu eleza ulichokuja kukielewa maabara. Asidi ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto kali. Ukitia maji kidogo juu ya asidi, yanaelea kwa sababu ni mepesi kuliko hiyo asidi, yanachemka hapohapo na kuruka usoni. Ukiitia asidi kidogo kidogo kwenye maji mengi huku unakoroga, inazama, joto linatawanyika. Baba yako hakuhitaji mlinganyo kujua hivyo, lakini wewe unaweza kuuandika.

Kisha kuna haidromita yake, kile kifaa kinachopima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji. Najua umemwona akivuta asidi ya betri kwenye kile kibomba cha kioo na kutazama kielezo kinaelea wapi. Betri iliyojaa chaji husoma karibu 1.28, iliyokwisha hushuka mpaka karibu 1.12. Kinachoshuka ni nini? Betri inapotumika, salfeti inaiacha asidi na kushikamana na bamba za risasi, na kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa chepesi, kikisogea kuelekea uzito wa maji. Ukiichaji, salfeti inarudi kwenye kimiminika na kielezo kinapanda. Huyo ni fundi anayesoma mmenyuko wa kemikali kwa jicho lake, kila siku, kwa riziki yake. Ukimwandika hivyo, hakuna atakayesoma na kumwona mtu aliyepungukiwa. Watamwona mwalimu wako wa kwanza wa kemia, na watakuona wewe unayejua kuunganisha alichokuonyesha na ulichofundishwa. Mwanakamati yeyote aliyesoma kemia atanyanyua kichwa akifika hapo.

Ukimaliza rasimu, msomee baba kabla mtu mwingine hajaiona. Usimtumie tu, msomee, na kama umeiandika kwa lugha asiyoitumia, mweleze sentensi moja baada ya nyingine. Mwambie kwamba atakachokikataa kinatoka, na kweli kitoke, hata kama ni sentensi uliyoipenda. Mama amekwambia umwache atulie, nami namuunga mkono: usimrudie kwa maneno matupu. Mrudie ukiwa na karatasi. Mtu anayeogopa ataandikwa nini hutulia akishasikia kilichoandikwa, na mara nyingi ataanza kukurekebisha: “Hapo si hivyo, ile asidi huwa tunaiacha ipoe kwanza.” Andika na hilo.

Kabla ya kutuma, kuna maswali ofisini ambayo wengi huyasahau. Nani anazisoma insha: kamati peke yake, au na mfadhili? Taarifa za kipato cha wazazi zinaonwa na nani? Na mshindi anatangazwaje? Vyuo hupenda kuchapisha picha na hadithi za waliopata ufadhili, na hapo ndipo habari za nyumbani huenda mbali kuliko mwanafunzi alivyokusudia. Uliza kama unaweza kukubali jina na fani vitajwe, habari za familia zisitajwe. Nenda na jibu hilo kwa baba. Huenda likamtuliza kuliko hoja zangu zote.

Uhitaji wako nao uuandike kwa namna hiyohiyo ya kazi. Usiandike “maisha ni magumu.” Andika saa. Wasiosoma sayansi hawajui kwamba kipindi cha maabara kinaweza kula mchana mzima wakati kwenye ratiba kinahesabiwa kidogo kuliko muda kinaochukua. Hawajui kwamba titresheni haiharakishwi: unafungua bomba la bureti, ule mrija wenye mistari ya vipimo, rangi ya waridi inatokea na kupotea, inatokea na kupotea, mwisho unaachia tone moja moja mpaka rangi hafifu ibaki bila kufutika. Unainama jicho liwe sawa na mstari wa kimiminika, unasoma, unaandika, unaosha chupa, unaanza upya, mpaka upate vipimo viwili vinavyokaribiana. Msimamizi aliyekuandikia “Kimoja hakitoshi” alikuwa sahihi kabisa kikemia, na sentensi yake hiyo ndiyo ushahidi wako mkubwa. Eleza kwamba uliondoka na kipimo kimoja kwa sababu zamu ya kazi ilikuwa inaanza, na kwamba ufadhili huu ukikupunguzia jioni za kazi, utabaki maabara mpaka kipimo cha pili na cha tatu. Hapo kamati inaona fedha yake inakwenda wapi. Waliofanya kazi huku wakisoma kemia wanalijua tatizo hili vizuri, na siwezi kushangaa ikiwa aliyeweka mfuko wenu alikuwa mmoja wao.

Kama unajua koti la maabara, miwani ya usalama, vitabu na seti ya kuundia vielelezo vya molekuli vinakugharimu kiasi gani kwa mwaka, weka hesabu hiyo kwa mstari mmoja. Inatosha.

Hiyo C, itaje usiifiche. Nakala ya matokeo wataiona tu. Sentensi mbili: nilipata C katika kemia ogania muhula niliokuwa nafanya kazi karibu kila jioni, tangu hapo nimefanya hiki na hiki. “Hiki na hiki” kiwe cha kweli, kwa hiyo kama hujaanza, anza leo: nenda saa za mwalimu za kuonana na wanafunzi, jiunge na kikundi kinachochora hatua za mmenyuko kwa mkono ubaoni badala ya kuikariri. Angalia pia kama masharti yanataja wastani wa chini. Wastani ni wa masomo yote, na C moja haiuangushi peke yake. Nimeona waombaji wenye C wakipewa ufadhili mbele ya wenye A ambao hawakuwa na la kusema kuhusu somo lao.

Kuhusu barua ya mapendekezo, mwache mwalimu wa ukumbi mkubwa. Atakuandikia kwamba ulihudhuria na ukapata alama fulani, jambo ambalo kamati inalo tayari. Mwendee msimamizi wa maabara, yule wa wino mwekundu. Unashangaa? Amekuona ukifanya kazi kwa mikono, na anajua huondoki mapema kwa uvivu, au atajua ukimweleza. Kama masharti yanataka lazima awe mhadhiri, mwombe huyo msimamizi ampe mhadhiri maelezo yake ili barua iwe na nyama. Muulize hivi: “Mwalimu, je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?” Swali hilo linampa nafasi ya kukataa kwa heshima, na barua vuguvugu ni mbaya kuliko barua isiyokuwepo. Mpe tangazo lenye masharti, rasimu ya insha, ripoti moja ya maabara unayojivunia, na tarehe ya mwisho. Mpe angalau wiki tatu. Hesabu mwenyewe uone kwamba zimebaki wiki mbili tu za kumwendea.

Sasa swali la kaka na mama. Kaka, kwa kawaida, haharibu kitu. Kinachoangaliwa ni wazazi, na watoto wote wa nyumba moja wanaweza kuwa wa kizazi cha kwanza. Mama ndiye anayehitaji uangalifu, kwa sababu mifuko haitumii kipimo kimoja. Katika sheria ya elimu ya juu ya Marekani, kwa mfano, anayehesabiwa ni yule ambaye wazazi wake wote wawili hawakumaliza shahada ya kwanza. Na kama analelewa na mzazi mmoja tu, basi huyo mmoja awe hakumaliza. Kwa kipimo hicho, mwaka mmoja wa mama haukuondoi. Lakini ipo mifuko inayotaka mzazi awe hakuwahi kusoma chuo kabisa. Tafuta maneno yenyewe ya mfuko wenu, na kama tangazo halisemi, mwandikie mratibu: “Mama yangu alianza chuo, hakuhitimu. Je, nahesabiwa?” Usifanye kama hujui. Ufadhili uliopatikana kwa kuficha unaweza kunyang'anywa, na aibu yake itamfikia baba kweli, ile aliyokuwa anaiogopa. Isitoshe, mama naye anastahili mwaka wake uhesabiwe. Aliufanya.

Huyo unayekaa naye chumba kimoja anasoma nini? Hukuniambia, na jibu liko hapo. Kama hasomi kemia, mfuko huu hauwezi kumfikia hata wewe ukijitoa, na kujitoa kwako hakumpi kitu. Kama anasoma kemia na ni wa kwanza kwao, mwonyeshe tangazo leo usiku, kisha ombeni wote wawili. Mambo ya nani ana uhitaji zaidi yana watu waliokabidhiwa kuyapima, wenye taarifa za pande zote. Wewe huna taarifa hizo, na usijikate jina kabla wao hawajafungua bahasha.

Jambo moja dogo la hesabu. Ikiwa tayari unapata msaada mwingine wa chuo au mkopo, uliza ofisi ya misaada ya wanafunzi kama ufadhili mpya utapunguza ule wa zamani. Sehemu nyingine hutokea hivyo, mwanafunzi akashangilia kisha akakuta jumla ni ileile. Ikipunguzwa, omba kinachopunguzwa kiwe mkopo, si ruzuku. Wakati mwingine wanakubali, mradi umeuliza mapema.

Usipopata mwaka huu, mfuko utakuwepo mwaka ujao, na wewe utakuwa mwaka wa tatu ukiwa na matokeo mapya na insha ambayo baba ameshaisikia. Waombaji wanaorudi kamati huwakumbuka, na huwakumbuka kwa wema. Waulize ni kipi kilichopungua, wengine watakujibu.

Kesho pita idarani uchukue fomu, umwandikie mratibu kuhusu mama, na umtafute msimamizi wa maabara kabla hajazama kwenye kusahihisha ripoti. Baba mpigie Jumapili, ukiwa na aya ya asidi tayari.

Shangazi yako